Mtu akianza na "usinielewe vibaya ila..." kwanini roho inapaa kabla hajamaliza sentensi?

Upepo wa Kusi

Habari zenu wakuu, kuna kitu kinanitatiza muda mrefu, naomba tujadiliane kwa utulivu maana naona kinaharibu mahusiano ya watu kimya kimya.

Unakuta mtu ana jambo la kukwambia, halisemi moja kwa moja, anaanza na "usinielewe vibaya" au "samahani kama nitakukwaza" au "sio kwa ubaya ila", mwingine "kwa heshima zote", mwingine "mi sipendi kuingilia mambo ya watu lakini". Sasa mimi nikisikia tu hayo maneno ya mwanzo mwili unabadilika, moyo unaenda mbio, nakaa kama mtu anayesubiri kofi, na hapo hata hajasema kitu. Alafu kinachofuata mara nyingine ni kijambo kidogo ambacho angekisema kawaida tu wala nisingekumbuka kesho yake.

Kazini nina mwenzangu ambaye hatoi maoni bila huo utangulizi. Juzi kwenye kikao mbele za watu akasema "dada usichukulie vibaya, nakwambia kwa nia njema kabisa, ila hii ripoti inaonekana imeandikwa na mtu ambaye hakuwa na muda nayo". Chumba kizima kikanigeukia mimi, hakuna aliyemuangalia yeye, yaani watu wanasubiri waone nitachukuliaje. Nikanyamaza. Baadae nikamfuata pembeni nikamwambia ile kauli haikunipendeza, jibu lake "si nilishakwambia usichukulie vibaya?" Basi hapo mimi ndo nikawa mwepesi wa hasira na yeye ndo muungwana.

Naombeni mnisaidie kuelewa, hivi ni mimi tu au na nyie inawatokea? Kwanini maneno ya adabu yanawasha badala ya kupoza? Na mtu akishakufunga mdomo na huo utangulizi wake unamjibu vipi bila wewe kuonekana ndo umekosa adabu? Majibu ya "mpotezee tu" hayatanisaidia, huyu mtu tunafanya kazi pamoja kila siku na nataka tuendelee kuheshimiana.

kisima_kirefu

Sio wewe tu dada, tuko wengi.

Umeona kile ulichokisema, kwamba watu walikuangalia wewe? Hapo ndo penyewe. Kabla ya ule utangulizi, kama kauli ni mbaya aliyeisema ndo anabeba lawama. Akishatanguliza "usichukulie vibaya" mzigo umehama, sasa kazi ya kuweka mambo sawa ni yako wewe uliyeambiwa. Ukikasirika umevunja agizo, ukinyamaza umekubali kila alichosema. Na yeye kabaki na ushahidi mkononi kwamba alionya mapema. Ndo maana inauma kuliko tusi la wazi, tusi la wazi kila mtu pale ndani angeliona na kuna ambao wangekutetea.

Wahenga walishasema panya huuma huku akipuliza. Kupuliza hakuondoi jeraha, kunachelewesha tu wewe kulisikia.

Kalamu Nyekundu

Mtoa mada umegusa somo langu, nafundisha mawasiliano na hii mada huwa inakula kipindi kizima darasani na watu wanatoka bado wanabishana.

Cha kwanza hizi kauli sio za aina moja na hapo ndo wengi tunachanganya. Mwaka 1975 wanasosholojia wawili wa Marekani, John Hewitt na Randall Stokes, walizichambua wakazigawa makundi matano. Kuna ya mtu asiye na uhakika, "kama sijakosea", "kwa uelewa wangu mdogo", huyu anakuambia mapema kwamba ukimsahihisha hatagombana na wewe. Kuna ya kujipa cheti kabla ya kuharibu, "mi sina ubaguzi ila". Kuna ya kukiri mapema kwamba unavunja utaratibu, "najua muda umeisha ila naomba niongeze kidogo". Kuna ya kujikinga watu wasikuone umechanganyikiwa, "najua hii itasikika ya ajabu". Na kuna ya kuomba usihukumiwe mapema, "nisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika". Zote tano zina kazi moja, msemaji anaona jina lake linakwenda kuchafuka na anajaribu kuliokoa kabla. Jina lake yeye. Wewe unayesikiliza hujaingia kwenye hesabu bado.

Sasa je anaokoka? Mwaka 2008 Amani El-Alayli na wenzake walichapisha majaribio kuhusu hilo hilo, walitaka kujua mtu akitanguliza "sitaki kuonekana najisifu ila" alafu akasema kitu chenye harufu ya kujisifu, watu watamuona vipi ukilinganisha na yule aliyesema kitu hicho hicho bila utangulizi wowote. Aliyejikinga ndo akaonekana ana majivuno zaidi. Yaani kinga imeleta ugonjwa.

Na ukifikiria unaona kwanini. Maneno mengi tunayoambiwa kwa siku hatuyachunguzi kihivyo, tunachukua maana tunasonga mbele. Mtu akitaja mwenyewe neno "majivuno" amekupa kitu cha kutafuta kwenye sentensi inayofuata, na ukitafuta utapata. Kuna lile jaribio maarufu la Daniel Wegner na wenzake la mwaka 1987, watu waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akawa anarudi kichwani kila saa. Ukiniambia "usifikiri nakudharau", dharau ndo neno la kwanza nililoshika, na nitaisikiliza kauli yako yote kwa sikio hilo.

Alafu kuna hili la kuamrishwa hisia. "Usikasirike" ni amri, hata ukiisema kwa sauti ya asali ni amri tu, na inahusu kitu ambacho ni changu ndani ya kifua changu. Jack Brehm mwaka 1966 alieleza vizuri kwamba binadamu akiona uhuru wake unabanwa anapata msukumo wa kuudai, mara nyingi kwa kufanya kile kile alichokatazwa. Kwahiyo mtoa mada moyo wako kwenda mbio sio wepesi wa hasira. Umeambiwa kuna jambo la kukasirisha linakuja, alafu kwa pumzi hiyo hiyo ukanyimwa ruhusa ya kukasirika, nani atatulia hapo?

tumbiri wa bondeni

Naomba nipinge kidogo maana naona uzi unaelekea upande mmoja tu.

Mnaongea kama vile kila mtu ana nafasi ya kusema jambo moja kwa moja. Mimi ni mdogo kazini, umri mdogo na cheo kidogo, nikiona bosi kakosea hesabu siwezi kuingia nikasema "hesabu yako sio sahihi". Lazima niseme "samahani mzee, labda mimi ndo sijaelewa vizuri, ila hii namba hapa naona kama imejirudia". Nikiacha huo utangulizi sitasifiwa kwa ukweli wangu, nitaitwa mjeuri na hesabu itabaki vile vile na makosa yake. Mtoto kwa mzazi hivyo hivyo, mgonjwa kwa daktari, mwanafunzi kwa mwalimu. Anayesema tuache hizi kauli mara nyingi ni mtu ambaye hahitaji ruhusa ya mtu kuongea.

Na Kalamu Nyekundu wewe kama mwalimu unajua Penelope Brown na Stephen Levinson walishalieleza hili tangu 1978, kwamba adabu ya maneno inaongezeka kutokana na vitu vitatu, ukaribu wa watu, nani ana nguvu juu ya nani, na uzito wa jambo lenyewe. Mtu wa mbali, mkubwa kwako, na jambo zito, basi utazunguka sana kabla ya kufika. Hiyo ni akili ya kuishi na watu, wala sioni unafiki hapo.

Tena kuna watu wanahitaji huo utangulizi ili wapate tu ujasiri wa kufungua mdomo. Mdogo wangu ana aibu sana, akitaka kukwambia jambo anaomba samahani kwanza, anaomba tena katikati, na mwisho anaomba nyingine. Ukimkatisha ukamwambia "sema tu acha kujizungusha" umemfunga moja kwa moja, hataongea tena mwezi mzima. Kwahiyo kabla hujasema huyu ananiuma na kunipuliza, angalia kwanza ni nani anaongea na anaogopa nini.

Upepo wa Kusi

@tumbiri hapo umenifanya nifikirie upya kiukweli. Huyu mwenzangu lakini sio mdogo kwangu wala haniogopi, tuko cheo kimoja, na "ripoti ya mtu ambaye hakuwa na muda" sio jambo lililohitaji ujasiri. Angeweza kusema ukurasa gani una tatizo tukarekebisha pale pale. Ila nakubali kwa mtu kama mdogo wako nisingetaka kabisa aone nimekunja sura.

nesi wa zamu

Nimesoma wote, naongezea kutoka upande wa kazi yangu maana sisi utangulizi ni sehemu ya kazi kabisa, tunafundishwa.

Ukiwa unaenda kumpa mtu majibu mabaya huingii tu ukamwaga. Kuna utaratibu wa hatua sita ambao Walter Baile, Robert Buckman na wenzao waliuchapisha mwaka 2000 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, sasa hivi unafundishwa sehemu nyingi. Unatafuta mahali pa faragha mkae, unamuuliza mgonjwa yeye mwenyewe anaelewa nini kuhusu hali yake, unamuuliza anataka kujua kwa kiasi gani, ndo unafikia kumwambia, na kabla ya neno lenyewe unamtahadharisha, kitu kama "kwa bahati mbaya majibu sio yale tuliyoyatarajia". Unanyamaza kidogo. Baada ya hapo unasema, unakaa na hisia zake zozote zile, mwisho mnapanga cha kufanya.

Sasa linganisha na hizi "sio kitu kibaya ila" za mtaani. Za kwetu zinasema ukweli kuhusu kinachokuja, kitu kizito kinakuja na tunakiita kizito. Hizi nyingine zinakana. Unaambiwa sio kwa ubaya, alafu ubaya unaingia na miguu yake miwili, kwahiyo umeumizwa na kauli na tena umedanganywa kuhusu kauli. Nimeona wagonjwa wanavyotuangalia daktari akisema "usiwe na wasiwasi kabisa" kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi, wanaacha kabisa kusikiliza maneno wanaanza kusoma uso. Kuanzia hapo hata ukisema kitu cha kweli hakiingii.

Na kitu kingine, kwenye ule utaratibu hisia za mgonjwa zina nafasi yake, ni hatua inayojitegemea, analia, anakasirika, anatukana wakati mwingine, na sisi tunakaa nae. Hakuna mahali umeandikiwa umwambie asichukulie vibaya. Hilo ndo naona linakosekana kwa huyo mwenzako mtoa mada, alitahadharisha vizuri tu, ila hakuwa tayari kukaa na kile alichokisababisha. Ulipomfuata pembeni ndo ilikuwa nafasi yake na akaikimbia.

Mlinda Lango

Mimi nataka kurudi kwenye ile aliyoitaja Kalamu, "sina ubaguzi ila". Hii naomba tusiipite haraka maana mimi nimeishi nayo.

Nina ulemavu wa kutembea. Sentensi inayoanza na "sio kwamba nawadharau watu wenye ulemavu, hata ndugu yangu mmoja ni mlemavu, ila" sijawahi kuisikia ikaishia pazuri. Hata mara moja. Nimenyimwa nafasi ya kazi kwa sentensi hiyo, nimekataliwa kupangishwa chumba kwa sentensi hiyo, na mara zote anayeitamka anaonekana amestarehe kabisa, kama mtu aliyeshalipa deni lake na sasa anaweza kuchukua anachotaka.

Na kumbe hilo limechunguzwa. Benoît Monin na Dale Miller mwaka 2001 walionyesha kwamba mtu akishapata nafasi ya kuonyesha kuwa yeye si mbaguzi, baada ya hapo anakuwa huru zaidi kutoa uamuzi ambao unaweza kuonekana wa kibaguzi. Yaani ile "ndugu yangu mmoja" sio kwamba inamdanganya msikilizaji tu, inamlegeza msemaji mwenyewe, anajiona ana cheti basi hajichunguzi tena. Ndo maana ukimwambia umenibagua anashangaa kwa dhati kabisa, hajifanyi.

Kwahiyo kwa hizi mimi siwezi kumwelewa @tumbiri. Adabu ya mdogo kwa mkubwa naikubali mia kwa mia. Lakini hii inatoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye nayo, na anayeombwa kuwa mpole ni yule anayepokonywa. Mimi siku hizi nikisikia mwanzo wake namkatisha pale pale nasema "naomba uanzie kwenye uamuzi wako, hayo mengine tutayaongea baadae". Wengi wanakosa hata pa kuanzia.

tumbiri wa bondeni

@Mlinda Lango tuko pamoja kaka, hiyo mimi siitetei hata kidogo.

Jirani wa Juu

Mtoa mada uliuliza unajibuje na naona bado hatujafika huko, kwahiyo mimi nijikite hapo. Nimekuwa nikisuluhisha migogoro ya wafanyakazi kwa muda mrefu na nusu ya inayofika mezani kwangu imeanza na kauli ya aina hii.

Kosa ambalo naona watu wanafanya ni kujibu utangulizi. Mtu kasema "usichukulie vibaya" na wewe unajibu "nimechukulia vibaya", sasa mnabishana kuhusu hisia zako, uwanja ambao yeye ndo kaupanga, na pale hutashinda maana hisia zako hazina ushahidi wa karatasi. Uache utangulizi wake upite kama haujausikia, shika kilichosemwa, ukiombee ushahidi. "Sehemu ipi ya ripoti unaona haikupewa muda?" Kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wale wale, na kalamu mkononi unasubiri kuandika. Kama ana hoja atakutajia ukurasa na kazi itaboreka, na utakuwa umeonekana mtu mzima. Kama hana hoja, kimya chake wataona wote. Na angalia hapo hakuna neno lolote la ukali ulilotumia.

Kama jambo linahusu wewe binafsi na sio kazi, mwili, ndoa, watoto, dini, hapo sikushauri uulize ushahidi maana utapewa. Hapo unafunga mlango mapema. "Naona unataka kusema kitu ambacho unajua kitanikwaza, kama sio lazima naomba tukiache." Nimeona hii ikifanya kazi hata kwa wazee wa familia ukiisema kwa heshima, maana umemrudishia uamuzi, na watu wengi wakipewa sekunde ya kufikiria kama kweli ni lazima wanagundua sio lazima.

Alafu ile ya pembeni, "si nilikwambia usichukulie vibaya". Nadhani hapa ndo palikuwa na uzito kuliko kikaoni. Ukirudi kwake usiongelee ulivyojisikia kwanza, ongelea ombi la mbele. Mwambie "nakushukuru unaangalia kazi yangu, naomba ukiona tatizo unitajie ukurasa na mstari, na kama ni kubwa unitafute kabla ya kikao". Hilo haliwezi kujibiwa na "nilishakwambia". Ama anakubali ama anakataa, na akikataa sasa mna jambo la kupeleka kwa msimamizi ambalo halihusu nani mwepesi wa hasira.

Na kwa mnaotaka kusema mambo magumu kwa wengine, kuna utangulizi ambao kweli unafanya kazi na ni mfupi tu. Mwaka 2000 huko Ufaransa, Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walifanya jaribio, mtu asiyejulikana anaomba wapita njia sarafu za nauli ya basi. Ombi la kawaida lilikubaliwa na asilimia 10. Akiongeza tu kwamba "ila uko huru kukubali au kukataa", walikubali asilimia 47.5. Ukiangalia hayo maneno yanampa msikilizaji kitu, yanampa mlango wa kutokea. "Usikasirike" inamfungia ndani. Kwahiyo mimi nawafundisha watu badala ya "usichukulie vibaya" waulize "nina maoni kuhusu ripoti yako, unataka niyaseme sasa hivi au tukae baadae?" alafu, hii ni muhimu, akisema baadae iwe baadae kweli. Ukiuliza na bado ukaendelea kusema hapo hapo umerudi kule kule.

Upepo wa Kusi

@Jirani wa Juu hiyo ya ukurasa na mstari nimeiandika pembeni. Swali moja la nyongeza, huyu mtu mengi anayaleta kwa meseji, na kwenye meseji ndo inakuwa mbaya zaidi, anaweka na kiemoji cha tabasamu mwishoni. Sauti sisikii, uso sioni. Kwenye maandishi inakuwaje, sheria ni zile zile?

Kalamu Nyekundu

Kwenye maandishi hali ni ngumu zaidi kwa pande zote mbili. Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao mwaka 2005 walipima hili kwenye barua pepe, watu waliandika sentensi nyingine kwa dhati nyingine kwa kejeli, wakaulizwa kama mpokeaji ataweza kutofautisha. Waandishi walikuwa na uhakika mkubwa kwamba ataelewa. Wapokeaji wakafanya vibaya kuliko walivyotegemewa, tena wenyewe wapokeaji nao walijiamini kwamba wameelewa sawa. Sababu ni kwamba mwandishi anapoandika anasikia sauti yake mwenyewe kichwani, ule upole anausikia, anadhani umeingia kwenye maneno. Haujaingia. Kwako imefika "usichukulie vibaya" tupu, na wewe unaisoma kwa sauti ya kile kikao.

Kwahiyo inawezekana kabisa kiemoji chake ni cha kweli, na inawezekana sio, kwa maandishi peke yake huwezi kujua na usijaribu kukisia. Chukua ushauri wa Jirani, jibu kilichosemwa tu, "nitumie namba ya ukurasa niangalie". Na kama jambo lina uzito zaidi ya hapo muombe mpigiane simu au mkae, usiandike aya ndefu ya kujieleza, maana na wewe utakuwa unasikia upole wako mwenyewe wakati yeye anasoma maneno matupu.

nesi wa zamu

Na usijibu usiku. Majibu mabaya sisi wenyewe tukiweza kuchagua tunayatoa asubuhi, mtu apate muda wa kuuliza maswali na wa kumpigia ndugu yake. Meseji ikikuchoma saa nne usiku iache hapo hapo ilipo mpaka kuche.